Chunusi za Mama Ndanu

Juzi mlipopita hapa kwangu Kilungu, nyinyi manesi wageni wa kazi, mmoja wenu alinicheka. Simtaji, anajijua. Nilikuwa nimesema kwamba nimehudumia ngozi za watu maisha yangu yote ya kazi, na kwamba wagonjwa ninaowakumbuka zaidi ni wanawake wazima wenye chunusi. Akaweka kikombe chini akasema, "Aki Sista, kwani hiyo nayo ni ugonjwa?" Nilinyamaza kwa sababu alikuwa mgeni na chai ilikuwa yangu. Lakini hasira haijaisha, na mzee akikosa mtu wa kumgombeza, huandika. Haya basi, kaeni chini.

Siwalaumu sana. Hata mimi nilipomaliza kusomea unesi nilitaka wodi ya wazazi. Huko mama anatoka na mtoto mkononi, nesi anaachiwa soda, na ukiwa na bahati mtoto anapewa jina lako. Mimi nikapelekwa hospitali ya mji wa Wote, chumba cha ngozi, kona ya mwisho kabisa karibu na choo. Nilinuna wiki nyingi. Nani atampa mtoto jina la nesi wa chunusi?

Aliyeninyoosha ni Daktari Musyoka, Mungu amrehemu. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa chumba hicho, mtu mrefu, mkali, asiyetaka kuona mtu akitafuna njugu kazini, na mimi nilizipenda njugu. Siku moja aliniona nikimkodolea macho mama aliyeingia. Akanivuta kando. "Wewe Mwikali, huyo mama ametazamwa kutoka stendi mpaka hapa. Ametazamwa na makanga, ametazamwa na muuza machungwa, ametazamwa na mlinzi wa geti. Sasa na wewe umeongeza yako?"

Akanifundisha kwamba mgonjwa wa uso huanzi na uso. Unamuuliza safari. Unamuuliza kama mvua imenyesha kwao. Unamwacha apumue. Kisha unamgeuza upande wa dirisha, maana taa ya umeme inadanganya, halafu unanawa mikono na kumgusa. Pakiwa na kidonda vaeni glavu, sikatai, lakini kama hakuna kidonda mguseni kwa mkono mtupu. Wengine walikuwa hawajaguswa uso kwa muda mrefu sana. Ukiwagusa walikuwa wanafumba macho, na mimi nilijifunza kutoharakisha.

Mengine nilijifunza kwa kuona. Chunusi za msichana hupenda paji la uso na pua. Za mama mtu mzima hukaa chini, kwenye taya na kidevu, nyingine zimejificha ndani ya ngozi, ngumu, zinauma ukizigusa, na nyingi zinaijua kalenda: siku za mwezi zikikaribia, hizo hapo. Kwa hiyo ulizeni hedhi inakujaje. Ulizeni kama kuna ndevu zimeanza kuota kidevuni, na msicheke. Ulizeni sindano ya kupanga uzazi. Ulizeni anasukwa nywele kwa mafuta gani, maana kuna wanawake nimewatibu paji la uso kumbe mwenye kosa ni mafuta ya kichwani yanayoteremka na jasho. Na kabla hujampa dawa yoyote, uliza kama ana mimba au anaitafuta, kwa sababu ziko dawa za chunusi ambazo mama mjamzito hapewi kabisa.

Na ulizeni ameshajitibu na nini, kisha jikazeni mbavu. Nimesikia dawa ya meno. Nimesikia limau na chumvi. Nimesikia mkojo wa asubuhi, tena kwa mtu aliyevaa suti. Kuna mwalimu mmoja wa huku kwetu Kilungu alikuwa anajisugua uso kila jioni kwa lile jiwe la kusugulia miguu. Nikamwambia, "Mwalimu, huu ni uso au ni kisigino?" Alicheka mpaka akashika meza, halafu kicheko kikageuka kilio, na mimi nikajua hicho kilio alikuja nacho tangu nyumbani.

Daktari Musyoka alikuwa na swali lake moja ambalo hakuliacha. Akimaliza kuangalia, kabla ya kugusa dawa, alimuuliza mgonjwa, "Huu uso unautakia nani?" Mwanzoni niliona ni umbeya. Baadaye nikaona majibu yanavyotoka. Mmoja alisema anautakia picha ya paspoti. Mwingine mama mkwe. Mwingine alisema anajitakia mwenyewe, na huyo daktari alimpa mkono. Alisema ukijua uso unatakiwa na nani, utajua mgonjwa atavumilia mpaka wapi. Mimi nililirithi swali hilo, nikaenda nalo Tseikuru.

Eh, Tseikuru. Waliponiambia nimehamishwa huko nilimwambia mkubwa wangu heri anifute kazi. Mtu wa Kilungu, amezoea kijito nyuma ya nyumba na parachichi mlangoni, unampeleka kule kwenye jua na mbuzi? Niliapa kukaa mwaka mmoja. Nilikaa mpaka nikastaafu. Na sasa niko hapa penye ukungu na baridi nzuri niliyoililia, na hakuna asubuhi ninayoamka bila kuitamani Tseikuru. Natamani vumbi la siku ya mnada. Natamani yale maziwa ya ngamia niliyokuwa nikiyakataa. Natamani dirisha langu la upande wa mashariki na mama amekaa kwenye kiti anasubiri nimguse uso. Mikono yangu haina kazi, jamani. Nachuma parachichi, naweka kwenye kikapu, nayatoa tena.

Kule, ng'ambo ya barabara kutoka kliniki yangu, palikuwa na duka la Mama Halima, ambaye familia yake ilitoka kaskazini mashariki kufuata biashara ya mifugo ikabaki. Mara ya kwanza alikuja kliniki kwa mlango wa nyuma, akafunua uso. Kidevu chote kilikuwa kimevimba. "Sista," akasema, "watu wanadhani mtu wa kujifunika hana shida ya uso. Kwani buibui ni dawa?" Tukawa marafiki. Dukani kwake alikuwa akiletewa krimu za kuchanganya, zile za mkebe usio na jina, zinazosafisha uso kwa wiki moja na kuuharibu kwa mwaka. Nilimwomba asiuze. Alisema biashara ni biashara. Lakini mtu akiuliza, namwona anaangalia huku kwangu dirishani, halafu anamwambia, "Imeisha."

Sasa nisikilizeni vizuri, huyu ndiye niliyetaka kuwaambia habari zake.

Alikuja siku ya soko, amejizungushia leso mpaka puani. Jina lake Mwende, umri wa miaka thelathini na kitu, lakini kwa kuwa alikuwa na mtoto mmoja anayeitwa Ndanu, kila mtu alimwita Mama Ndanu. Hakukaa kwenye kiti.

"Sista, nataka dawa ya haraka. Ya wiki moja."

"Ya wiki moja sina. Mvua imenyesha kwenu?"

"Sista, mimi sikuja mambo ya mvua."

"Najua. Lakini mimi nimeuliza mvua."

Akatabasamu kidogo, akakaa. "Mvua gani, hata mbuzi wameisahau."

Nikamgeuza dirishani, akashusha leso. Taya zote mbili, kidevu, mpaka shingoni. Nyingine mbichi, nyingine zimeacha madoa meusi, na upande wa kushoto wa taya kulikuwa na uvimbe mmoja mkubwa aliokuwa ameuminya kwa kucha mpaka ukageuka kovu. Nikamgusa. Hakufumba macho. Alikuwa ananiangalia tu kama mtu anayesubiri hukumu.

Alikuwa ametoka Uarabuni, alikokuwa akifanya kazi za nyumbani. Aliondoka Ndanu akianza kutembea, akamwachia mama yake mzazi, Susu Kavata; susu kwetu ni nyanya. Amerudi Ndanu anakaribia kuanza shule. Chunusi zilimtokea hukohuko, usingizi mdogo, mawazo mengi, na kila krimu aliyoambiwa na wenzake alijipaka. Nikauliza kama ana mimba. "Mimba ya nani, Sista? Ya upepo?" Nikamuuliza swali la Daktari Musyoka.

"Huu uso unautakia nani?"

Akaikunja leso mapajani. "Mtoto wangu."

Nikamuuliza kama watoto wenzake wanamcheka Ndanu kwa ajili ya uso wa mama yake. Akatikisa kichwa. Akatoa simu, akanionyesha picha. Ilikuwa yeye na haikuwa yeye. Uso laini, mweupe kidogo, hauna hata alama moja, macho makubwa. Mnazijua hizo filta za simu, nyinyi ndio mnazitumia.

"Sikutaka mtoto anione nikiwa hivi," akasema. "Kila nikimpigia ile simu ya kuonana, naweka hiyo. Miaka yote hiyo, Sista. Ameongea na mimi, amenibusu kwa kioo cha simu, ameniimbia nyimbo za Sunday school. Siku niliyofika, nilitoka kwa gari nikapiga magoti, nikafungua mikono. Akanizunguka. Akaenda ndani akaleta simu ya Susu. Akaniambia, 'Mama yangu ako hapa.'"

Nikageukia kabati nikajifanya natafuta tyubu.

"Ananiita auntie," akaendelea. "Ana adabu sana, mama yangu amemlea vizuri. Ananiletea maji ya kunawa mikono kama mgeni. Sista, mimi nilidhani uchungu ni ule wa kuzaa."

Akaniambia ajenti ameshaanza kumpigia, kuna kazi nyingine kulekule. "Uso huu ukirudi vile alivyouzoea, atanijua. Usiporudi, mimi naenda. Heri niwe mama wa kwa simu kuliko kuwa auntie wa kwa nyumba."

Basi, hayo ndiyo mliyoyacheka kwa chai yangu.

Nilimwambia ukweli: miezi mitatu au zaidi, na wiki za kwanza utaniona mchawi. Usiku unanawa kwa sabuni laini, husugui. Unachukua dawa kiasi cha punje moja ya ndengu, si zaidi, unaieneza nyembamba kwenye eneo lote, siyo kudonoadonoa chunusi mojamoja. Asubuhi unapaka losheni nyepesi na kuvaa kofia. Kuminya ni mwiko. Akaitikia yote kwa haraka, kama mtoto anayekariri.

Wiki chache baadaye alirudi ananifokea. "Sista umeniharibu!" Uso ulikuwa unabambuka, sawa, hilo nilitegemea. Lakini pia ulikuwa unang'aa, na chunusi mpya zimejaa. Nikanusa. Mafuta ya kukamulia ng'ombe! Nyinyi mnayajua, yale ya mkebe, ambayo sisi huku tunajipaka wenyewe kuliko tunavyowapaka ng'ombe. Nikamwambia, "Niletee huyo anayekupaka haya."

Susu Kavata akaja siku iliyofuata, amemshika Ndanu mkono, na akaja kwa vita. "Mwanangu ametoka ng'ambo amepauka hivi, nimwache tu? Watu waseme amerudi kwao hakuna hata mafuta? Nimempaka kila jioni, na nitampaka."

"Susu, kwa heshima, hayo ni mafuta ya ng'ombe."

"Na umewahi kuona ng'ombe ana chunusi?"

Woi. Nilisoma vyuo viwili, na mpaka leo jibu la swali hilo sijalipata. Mwende mwenyewe alicheka, mara ya kwanza kumwona akicheka. Lakini nilimwelewa yule mama. Kwetu uso mkavu ni uso usio na mwenyewe, na kumpaka mtu mafuta ni kusema huyu ni wetu. Ukimkataza mzazi mafuta bila kumpa kitu cha kufanya mikono yake, atapaka ukigeuka. Kwa hiyo nikafungua ile losheni nyepesi, nikamwonyesha Susu: nukta moja paji la uso, moja kila shavu, moja pua, moja kidevu, kisha unaeneza taratibu.

Ndanu alikuwa amesimama nyuma ya gauni la bibi yake anaangalia vidole vyangu. "Na mimi?" akasema.

Nikampa mkono wangu, akaupaka. Akampaka Susu kwenye pua, wakacheka. Kisha akasimama mbele ya Mwende, kidole kikiwa na losheni, hajui afanye nini.

"Auntie, nikupake?"

Mwende alishuka kutoka kitini akapiga magoti pale sakafuni. Ndanu akaanza na ule uvimbe wa taya, ule mkubwa.

"Hii ni nini?"

"Ni chunusi."

"Inauma?"

"Kidogo."

Akaipuliza, vile watoto hupuliza mtu akijigonga. "Pole," akasema, akaendelea na kazi. Mwende alikuwa ameuma mdomo na machozi yanateremka ndani ya losheni, na mtoto anayafuta na kupaka tena, anagomba, "Auntie, usilie, inatoka!" Mimi nililia waziwazi. Susu naye alilia, kisha akasema ni vumbi.

Nikatoa amri kwa sauti ya Daktari Musyoka. Dawa ya usiku Mwende ajipake mwenyewe. Losheni ya asubuhi apakwe na Ndanu, na asiipake mtu mwingine yeyote. Susu akaguna, akakubali, ila akadai abaki na mafuta yake kwa ajili ya miguu.

Walikuwa wakija kila mwezi. Nilikuwa nawaona kwa dirisha wakivuka barabara, na moyo wangu unaruka kabla sijauona uso. Namgeuza kwenye mwanga, namgusa, zinapungua. Namuuliza Mwende, na Ndanu je? "Bado auntie, Sista." Mwezi unaofuata, zimepungua zaidi. "Bado auntie. Kwa simu alikuwa ananiita mama mpaka nachoka. Ajenti anataka jibu." Siku moja Mama Halima alinijia akiwa amekasirika: Mwende ameingia dukani kwake kuomba ile krimu ya wiki moja. "Nilimwambia imeisha," akasema, "na iko nyuma yangu anaiona. Tulitazamana tu. Sista, mtibu huyu mama haraka, mimi sitaweza kudanganya mara ya pili."

Haraka sikuwa nayo. Asiyekuwepo na lake halipo, na mtu aliyekosekana miaka hiyo yote harudishiwi chake kwa tyubu moja. Nilijua hivyo na niliogopa. Kila asubuhi nilipofungua mlango wa kliniki nilitarajia kusikia kwamba Mwende ameshapanda gari.

Ndengu zilikuwa zimevunwa walipokuja mara ile. Mwende alikaa kwenye kiti, nikamgeuza dirishani, na nikawaita wenzangu waje waone. Taya safi. Kidevu safi. Madoa meusi yalikuwepo bado, hayo huchukua muda wake kufifia, lakini chunusi hazikuwepo. Kilichobaki ni lile kovu moja la upande wa kushoto, limevimba kiasi cha punje ya mahindi. Nikamwambia kwamba pale Kitui kuna daktari wa ngozi mwenye sindano ya kulilainisha mpaka lisionekane, na akitaka nitamwombea nafasi.

"Nataka, Sista," akasema. "Nataka liishe lote. Nibaki vile nilikuwa."

Ndanu alikuwa kwenye benchi anachezea kifuniko cha losheni. Akashuka. Akaja akasimama katikati yangu na Mwende, akaniangalia kwa macho makali ya Susu Kavata.

"Hiyo hapana."

"Hapana nini, Ndanu?"

Akainua mkono akalifunika lile kovu kwa kiganja chake chote. "Hii ndio huwa naanzia. Nikiamka naigusa ndio naona ni wewe. Sasa wakitoa, mama, nitakujuaje?"

  Mwende akasema polepole, kama anaogopa kuamsha mtu, "Umesema aje?"

Mtoto akadhani amekosea. Akashusha sauti. "Nimesema wakitoa nitakujuaje, mama."

Mwende aliushika ule mkono mdogo akaubana hapohapo kwenye taya yake, akauzuia usiondoke. 

"Sista," akasema mwishowe, "wacha Kitui. Na ajenti akinipigia tena, namwambia mimi siendi popote."